Majani ya Utepe

Tangu mkewe afariki, Fundi Lifti aliishi na sauti mbili tu nyumbani kwake: mngurumo wa jokofu kuukuu jikoni, na mbubujiko wa pampu ndogo ya hewa katika tangi la samaki sebuleni. Jina hilo la Fundi Lifti alilipata kazini. Maisha yake yote ya ujana na utu uzima aliyamaliza ndani ya mashimo ya lifti, akikaza nyaya na kubadilisha vipuri, ili watu wengine wapande na kushuka salama. Sasa alikuwa amestaafu, naye alikaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti. Majirani walimtania kwa hilo walipokutana naye ngazini akihema, naye alicheka pamoja nao. Lakini akishaufunga mlango wake, kicheko kilizimika kama kibatari kilichopulizwa.

Tangi lilikuwa mali ya marehemu. Ndani yake kulikuwa na samaki wadogo wenye mikia myekundu, lakini si samaki aliowapenda zaidi. Aliyapenda majani. Yalikuwa majani marefu, membamba, laini kama utepe wa hariri, yaliyoota kwenye mchanga wa chini na kupanda hadi juu ya maji, kisha yakalala na kuyumba taratibu kila pampu ilipopumua. Mche wa kwanza marehemu aliuleta nyumbani ndani ya kopo la jamu, akaupanda kwa vidole vyake mwenyewe, na huo ukazaa mingine. Binti yao alipokuwa mdogo, alikuwa akilala kwenye kochi lililotazamana na tangi, na asubuhi huamka akidai kwamba amesikia majani yakinong'ona.

Binti huyo sasa alikuwa mtu mzima, mpima macho katika mji wa mbali. Kati yake na baba yake hapakuwa na ugomvi ambao mtu angeweza kuutaja. Palikuwa na baridi tu. Mama alipokuwa akiumwa, simu za kazini zilimtoa baba nyumbani kila kukicha. Siku roho ilipomtoka mama, baba alikuwa ndani ya shimo la lifti katika jengo fulani, simu yake ikiwa imezimwa, na binti alikuwa peke yake kando ya kitanda. Baada ya mazishi hakumkaripia baba yake. Laiti angemkaripia! Alirudi kwake, na tangu hapo alipiga simu kwa nadra, na kila simu ilikuwa fupi kama ujumbe wa benki.

Kwa hiyo simu ilipolia adhuhuri moja na fundi akaliona jina la mwanawe, moyo ulimruka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Baba, nimenunua tangi dogo. Nataka nije nichukue mche wa majani ya mama. Bado yapo?"

Fundi aligeuka kulitazama tangi. Majani yalikuwapo, ila yalikuwa yamepungua. Yeye alijua kubadilisha maji na kulisha samaki, basi. Miche michache iliyobaki ilisimama huku na kule kama nywele za kichwa cha mzee, na juu yake ilivaa mwani wa kijani ulioikaba. Hata hivyo ilikuwa hai.

"Yapo!" akasema. "Yamejaa tele, mama! Hata samaki wenyewe hawaonekani."

"Kweli, baba?" Sauti ya binti ililainika kwa namna ambayo fundi hakuwa ameisikia kwa siku nyingi. "Basi nitakuja mwisho wa mwezi. Nitalala hapo, tuongee."

Simu ilipokatika, fundi alibaki ameishikilia sikioni. Nitalala hapo, tuongee. Aliyarudia maneno hayo kwa sauti, akayasikia yakizunguka sebuleni. Kisha aliutazama tena uongo wake ukiyumba kwenye maji, akachukua kofia, akateremka ngazi bila hata kuhesabu miaka yake.

Mwenye duka la samaki wa mapambo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye wateja wote walimwita Mama Mapezi. Alimsikiliza fundi hadi mwisho, kisha akashusha kutoka rafuni chupa ndogo yenye kimiminika kisicho na rangi.

"Hii ni kaboni ya maji," alisema. "Mimea inahitaji kaboni ili ikue, na hii inawasaidia wale wasio na mtungi wa gesi. Mwani nao inaufukuza. Lakini nisikilize vizuri, mzee. Majani yako ya utepe ni dhaifu kwa dawa hii. Mimea mingine inaichekelea, hayo yanaungua nayo. Mimi ningekushauri usiitie kabisa. Safisha mwani kwa mkono, ongeza mwanga, usubiri."

"Nisubiri mpaka lini, dada? Mwanangu anakuja mwisho wa mwezi!"

"Mmea si lifti, mzee wangu. Hauna kitufe cha kubonyeza upande juu."

Wote wawili walicheka, lakini fundi hakuirudisha chupa. Mama Mapezi alipoona ameng'ang'ania, alimpa masharti: matone machache tu, kisha angoje wiki nzima aone majani yanasemaje. Yakionyesha dalili yoyote ya kulegea, aache mara moja.

Mwanzoni fundi aliyashika masharti hayo. Alitia matone, akaketi mbele ya kioo kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Baada ya siku chache mwani ulianza kufifia, ukawa wa kijivu, ukabanduka. Majani yaliyokuwa chini yake yakang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Fundi alijiona yuko peponi. Alianza kusema na tangi. Alifua mashuka ya chumba cha mwanawe, akaning'iniza pazia jipya, akanunua kikombe cha pili.

Lakini majani hayakuongezeka. Kila asubuhi aliyatazama, na kila asubuhi yalikuwa yale yale machache. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kengele ya uongo wake ilimlia masikioni. Ndipo alipojiambia: ikiwa kidogo kimeyang'arisha, kingi kitayajaza. Aliyasahau maneno ya Mama Mapezi, au tuseme aliyaweka kando makusudi. Alijaza kifuniko cha chupa hadi ukingoni, akamimina. Asubuhi iliyofuata alimimina tena. Harufu kali ilimchoma puani, akaichukulia kuwa ni dalili ya nguvu ya dawa.

Alipotoka sokoni siku hiyo, hakuamini macho yake. Majani yalikuwa yamepoteza rangi, yamekuwa kama ganda la kitunguu lililolowa, unaona hadi upande wa pili. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakitweta. Fundi aliingiza mkono na kulishika jani moja. Liliteleza na kukatika vidoleni mwake kama ute. Alishika la pili, nalo likakatika.

"Hapana, hapana, jamani," alinong'ona, ingawa hapakuwa na wa kumsikia.

Alimwaga maji ndoo kwa ndoo na kuleta mengine, hadi mgongo ukagoma. Samaki walipona. Majani yaliendelea kuyeyuka, yakaelea vipande vipande, na maji yakawa machafu kama supu iliyochacha. Fundi alipofikiria mwanawe akiingia mlangoni na kuyaona mabaki yale ya mama yake yakioza, aibu ilimvaa mwili mzima. Bila kungoja hata kumuuliza Mama Mapezi, alipeleka mkono mchangani na kung'oa kila kitu: majani, mashina na mizizi. Aliusugua mchanga, akatia uchafu wote katika mfuko, akaushusha jaani. Gari la taka likapita likauchukua.

Ndipo alipokwenda dukani, kichwa chini.

Mama Mapezi hakumcheka safari hii. "Pole, mzee," alisema. "Lakini usife moyo. Majani hayo yana tabia ya kuyeyuka juu huku mizizi inabaki hai. Iache tu katika maji safi, itachipua upya. Mizizi unayo?"

Fundi aliivua kofia yake, akaikunja mikononi. Mama Mapezi alilisoma jibu usoni pake, akageukia tangi kubwa lililokuwa nyuma yake.

"Basi chukua haya yangu. Ni aina ile ile. Hakuna atakayejua tofauti."

Yalikuwa mazuri, marefu, ya kijani kibichi. Fundi aliyatazama kitambo kirefu.

"Asante, dada," alisema hatimaye. "Haya ni yako. Yeye anakuja kuchukua ya mama yake."

Binti alifika akiwa na begi dogo na chupa ya kioo aliyoivingirisha kwa taulo, tayari kubebea mche wake. Alimwamkia baba yake, akavua viatu, akaenda moja kwa moja sebuleni. Fundi alibaki mlangoni. Alimwona mwanawe akisimama mbele ya tangi lenye mchanga mtupu, na samaki wakipita huku na huko kama watu waliohamishwa kwao.

"Baba, yako wapi?"

Alimweleza yote bila kupunguza: uongo wa kwenye simu, onyo la Mama Mapezi, kifuniko kilichojaa, mkono mchangani.

"Nilitaka uyakute mengi," alimalizia. "Nilitaka ufurahi."

"Mimi nilitaka mche mmoja, baba. Mmoja tu. Tangi langu lenyewe ni dogo hivi," alisema akionyesha kwa viganja. "Ile ndiyo kazi ya mikono ya mama iliyokuwa bado inakua."

Aliketi kwenye kochi akalia. Fundi aliketi pembeni yake, hakujua aweke wapi mikono.

"Siku ile pia," alisema mzee kwa sauti ya chini, "nilisema nitaikimbiza kazi niimalize, nirudi kabla hajaamka."

Binti alijifuta macho kwa lile taulo.

"Alikuulizia," alisema. "Nilimwambia uko njiani."

Hayo ndiyo waliyoyaongea. Chai ilipoa mezani. Jua lilipoanza kushuka binti alisimama, akasema afadhali awahi basi la jioni. Fundi alitaka kumwambia kwamba kitanda kimetandikwa, kwamba ameweka pazia jipya, kwamba anaweza kukaa hata mwezi. Alitaka kumuuliza atarudi lini. Maneno yote hayo yalimjaa mdomoni, naye akayameza moja baada ya jingine.

Kwenye ngazi binti aligeuka. "Usishuke, baba, utachoka. Nitakupigia."

"Sawa, mama. Nenda salama."

Alisimama akizisikiliza hatua za mwanawe zikishuka, hadi mlango wa chini ulipojibamiza. Kisha alirudi ndani, akawalisha samaki, akakunja mashuka ya chumba ambacho hakikulaliwa. Majani aliyoyaomba mwanawe yalikuwapo, na yalitosha. Mgeni aliyemtamani alikuwa amekwisha kusema atalala. Vyote alikuwa navyo tayari, na mkono wake mwenyewe ndio uliovikosesha. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.