Neno Moja Juu ya Unga

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sasa fikiria mwanamke aliyeshika tatu kwa mpigo! Mwoka mikate mmoja, ambaye majirani walimbandika jina la Turbo, alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja bila kupumzika. Mwaka uliotangulia alianguka katikati ya mbio, akabebwa kwa machela mbele ya bintiye. Mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Safari hii walikubaliana: asipofika mwisho kwa miguu yake mwenyewe, anaachana na mashindano kabisa. Na Turbo aliyapenda, tena sana.

Kila alipotoka kazini alikuwa na saa moja tu. Akaigawa: dakika ishirini bwawani, ishirini kwenye baiskeli, ishirini za kukimbia, zote kwa nguvu za mwisho. Alirudi nyumbani hoi bin taabani, akidhani kuchoka ndiko kuendelea. Wapi! Miezi miwili ilipita bila muda wake wa kumaliza kupungua hata dakika moja.

Shangazi yake, aliyefundisha kuogelea miaka thelathini, alimfuata kwenye meza ya kukandia.

"Jana bwawani ulikuwa unatafuta nini?"

"Kila kitu, shangazi. Pumzi, nguvu, kasi..."

"Ukapata?"

Turbo akaendelea kukanda unga.

Shangazi akanyunyiza unga mezani, akaandika kwa kidole: PUMZI. "Leo hili tu. Baiskeli, taratibu, kiasi cha kuweza kupiga soga. Usiongeze kitu."

Tangu hapo kila siku ilikuwa na neno lake. Siku ya MKONO aliogelea vipande vifupi, akiangalia tu mkono unavyoingia majini. Siku ya KASI alikimbia dakika tatu tatu kwa nguvu, akipumzika katikati. Siku nyingine neno lilikuwa LALA, na hilo ndilo lililomshinda. Siku moja alitoroka akakimbia, shavu la mguu likamkaza, akachechemea siku nne.

"Sikio la kufa halisikii dawa," shangazi alimcheka huku akimkanda.

"Nimekoma, shangazi. Haki ya nani nimekoma."

Wiki mbili kabla ya mashindano, shangazi alimwamuru ashuke kwenye baiskeli na kukimbia papo hapo.

"Mbona leo mbili?"

"Ni moja, mwanangu. KUBADILI. Miguu izoee kushuka."

Siku ikafika. Majini Turbo aliutazama mkono wake tu. Kwenye baiskeli watu walimpita, roho ikamuuma, lakini akaitunza pumzi. Aliposhuka, miguu ilikuwa mizito kama magunia ya unga, ila uzito huo aliujua, akausubiri upite. Ukapita. Pale alipoangukia mwaka jana alimwona bintiye amesimama, viganja vimemfunika macho.

"Fungua macho, wewe! Mama yako huyu hapa!" Turbo alimwita.

Mtoto alifungua macho, akapiga yowe, akakimbia pembeni ya barabara sambamba na mama yake mpaka kwenye utepe. Turbo alikuwa wa arobaini na moja, naye alilia kwa furaha kama aliyekuwa wa kwanza.

"Mwaka ujao tena, mama?" bintiye akauliza, akimshika mkono.

Shangazi alitabasamu tu. Turbo alizishika zote tatu kwa sababu alikubali kushika moja moja. Kwani mshika mbili, moja humponyoka.