Kiboko Aliyejipa Ulinzi wa Kisima cha Majike

Niseme, nisiseme?
Sema, tumekaa.
Nikisema mtasinzia?
Macho yetu yako kwako.

Basi ulikuwa mwaka wa ukame. Mto ulibaki tope, na tope lenyewe alilikalia Kiboko peke yake. Aliyesogea alifukuzwa. Madume wa nyika wakasema mvua itakuja tu, wakakaa kuingoja.

Majike hawakungoja. Walichimba kisima. Nyumbu akachimba kwa kwato, ngu ngu ngu. Ngiri akachimba kwa meno, chaka chaka chaka. Siku ya tisa wakakuta jiwe, kazi ikasimama. Aliyelitoa jiwe lile ni Swala aitwaye Siwema. Alipenyeza pembe zake chini ya jiwe, akasukuma tangu asubuhi hadi adhuhuri, likang'oka, maji yakatoka.

Siwema huyu alipozaliwa walisema ni dume, wakampa jina la dume. Alipokua akasema, "Mimi ni jike, na jina langu ni Siwema." Madume wakampiga kwa neno hilo, wakamfukuza kundini. Majike ndio waliompokea. Walichimba naye, wakanywa naye.

Kiboko akasikia habari za maji, akayataka. Nguvu alikuwa nazo, lakini kwato na pembe za majike wote kwa pamoja alizihofia. Akaona kwanza awatenganishe. Asubuhi akaenda, pwata pwata pwata, akasimama mlangoni pa kisima.

"Mama zangu," akasema, "nimekuja kuwalinda. Kati yenu kuna dume. Jike hana pembe. Niacheni nisimame hapa nimkague kila anayeingia. Kisima ni cha majike, asiye jike asiingie."

Majike wakatazamana. Mkubwa wao alikuwa Bi Nyumbu. Mwaka uliopita madume walimvunja ubavu wakigombea majani, na hofu ile ilikuwa haijamtoka. Akasema polepole, "Labda mlinzi si vibaya." Alisahau kwamba kichwani mwake mwenyewe mna pembe.

Siwema akageuka, akaondoka na kiu yake.

Siku ya pili akaja Ngiri. Kiboko akasema, "Rudi nyuma, nikukague. Meno haya si ya jike." Ngiri akarudi na kiu yake.

Akaja Twiga. "Rudi nyuma, nikukague. Hizo kichwani si pembe?" Twiga akarudi na kiu yake.

Siku ya tatu akaja Bi Nyumbu. "Rudi nyuma, nikukague. Pembe unazo, na ndevu unazo."

"Nimezaa watoto watano," akasema Bi Nyumbu.

"Sheria ni sheria, mama."

Bi Nyumbu hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kichaka alipolala Siwema, midomo imempasuka kwa kiu.

"Nilikutoa wewe ili nibaki mimi," akasema. "Niliogopa, mwanangu. Sikufanya vizuri."

"Waliokuvunja ubavu ndio walionifukuza mimi," akasema Siwema. "Nilidhani unalijua hilo."

"Nililijua. Hofu ilinisahaulisha. Sasa nasema hivi: mimi sinywi mpaka wewe unywe."

Juu ya jiwe kando yao alikuwepo Pimbi, jike naye, anaota jua. Kiboko hakuwahi kumkagua kwa sababu hakuwahi kumwona, mdogo namna ile.

"Nimemtazama siku tatu," akasema Pimbi. "Anakuja asubuhi, anafukuza wawili watatu, jua likianza kuchoma anakimbilia tope lake, nasi hata hayupo tunaitii sheria yake. Ngozi yake haiwezi jua. Zetu zinaweza. Anapenda kukagua, basi twendeni tukakaguliwe."

Kesho yake, jua linachomoza, majike wote walikuwa wamepanga foleni. Wa kwanza Siwema.

"Rudi nyuma, nikukague," akasema Kiboko. "Wewe una pembe. Toka."

"Sawa, mzee." Siwema akatoka, akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Akaja Bi Nyumbu. "Una ndevu. Toka." "Sawa, mzee." Akaenda mwisho wa foleni.

Akaja Pundamilia. Kiboko akamtazama juu, akamtazama chini, asione kosa. "Wewe pita, kanywe."

"Siwema amekunywa?"

"Hajanywa."

"Basi nami bado." Akaenda mwisho wa foleni.

Foleni ikazunguka, haina kichwa wala mkia. Kila alipotoka mmoja wakaimba:

Kisima nani kachimba?
Kwato zetu na pembe zetu.

Midomo ilikuwa imekauka, sauti zikakwaruza, lakini hakuna aliyeacha kuimba. Jua likapanda. Kiboko akaanza kuhema, hoo, hoo. Jua likafika utosini. Ngozi ya mgongoni ikalia kwach, ikapasuka, jasho jekundu likamchuruzika.

"Ngojeni nijichovye kidogo," akasema, akageukia maji.

Pimbi akasimama katikati ya njia. "Kisima ni cha majike, mzee. Sheria ni yako."

"Basi niende mtoni."

"Ukienda tutabaki bila mlinzi. Na foleni bado ndefu."

Majike wakasogea, bega kwa bega, pembe na kwato mbele. Mbele kabisa alisimama Bi Nyumbu. "Hujatukagua," akasema. "Tunangoja."

Kiboko akapiga magoti. "Sheria nimeifuta," akasema kwa sauti ndogo. "Sitaki kukagua tena."

"Sema mbele ya wote," akasema Pimbi. "Nani anajua kwamba jike ni jike?"

"Mwenyewe anajua."

"Na kisima cha nani?"

"Cha waliochimba."

Wote wakamgeukia Siwema, waone atasemaje. Tangu mwaka ule wa kufukuzwa hakuna aliyewahi kumpa yeye neno la mwisho.

"Mmwagieni maji mgongoni, yamtoshe kufika mtoni," akasema. "Kisimani haingii."

Wakammwagia. Akaenda zake, pwata, pwata, pwata, hakugeuka nyuma. Bi Nyumbu akaondoka njiani, akainamisha kichwa. "Pita, mwanangu." Siwema akashuka, akanywa, gudu gudu gudu, na wenzake wakasimama kumsubiri mpaka akatosheka.

Hadithi imefika kwake, nami nashika njia ya kwangu. Na funzo, kwa kuwa wakubwa hawaondoki bila funzo: mheshimuni mlinzi, wanangu, na mkiambiwa mpange foleni, pangeni mpaka jua limfike utosini.