Tangi Nusu Kwenye Kona ya Lusungo

"Lita kumi na mbili, uliniambia! Kumi na mbili!"

"Na ng'ombe anatoa kumi na mbili, Mwakatobe. Nimekudanganya wapi?"

"Kwa siku mbili, bwana! Anatoa kumi na mbili kwa siku mbili!"

Foleni nzima ya kituo cha maziwa cha Isumba iliangua kicheko. Watu wakasahau hata kilichowaleta. Mwalwisi, aliyemuuzia jirani yake ng'ombe huyo, alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo ajitetee, ndipo Bibi Atuganile, mpimaji wa maziwa, alipogonga ndoo kwa kata.

"Nyie wawili! Tangi zima hushuka, tangi nusu hupindua."

Basi. Mwalwisi akainamisha kichwa, akajikuna kisogo, akasema, "Njoo jioni, jirani, tuyazungumze yote." Vijana waliokuwa kwenye foleni wakatazamana. Mmoja akauliza, "Bibi, hapa anazungumziwa ng'ombe. Tangi limetoka wapi?"

"Kumbe mnayasikia maneno yakitembea mkadhani yalizaliwa na miguu yake?" alisema Bibi Atuganile. "Methali hii ina kwao, na kwao si mbali. Ni pale kwenye kona ya Lusungo mnapopita kila siku na madumu yenu. Wekeni chini hayo madumu, niwaambie."

Na hivi ndivyo alivyowasimulia.

Miaka hiyo kikundi cha wafugaji wa Isumba kilikuwa na trekta moja tu, jekundu. Lilinunuliwa baada ya miaka minne ya kuuza maziwa yote, hata ya chai, na watoto waliozaliwa miaka hiyo walikua wakidhani chai ni ya rangi tu, Mungu hakuumba nyingine. Nyuma ya trekta walifunga tangi la samadi ya maji, ile ya shimoni, kinyesi na mikojo ya ng'ombe iliyokorogwa na maji. Ukiimwaga kwenye migomba, mgomba unakushukuru kwa mkungu ambao mwanamume mmoja haubebi. Kila mwanachama alikuwa na zamu yake, na sheria ilikuwa moja: tangi likijazwa kwa ajili ya mwenye zamu, linamwagwa kwa mwenye zamu, si kwingine.

Dereva aliitwa Ambonisye. Mtu mpole, asiyejua kusema hapana, na hapo ndipo shida ilipoingilia.

Juu kabisa, pale mteremko wa Lusungo unapoanza, alikaa mama mmoja aitwaye Subilaga. Nyumba yake ilikuwa haikauki watu. Ukitaka kujua nani kaposa, nani kaachika, nani kachinja kuku usiku akaficha manyoya, ulikwenda kwa Subilaga, ukapewa kigoda na habari. Walimwita Redio, naye aliitika.

Siku hiyo trekta lilikuwa linateremka na tangi lililojaa pomoni, linakwenda kwa mwenyekiti wa kikundi, Mama Mwasomola, kule bondeni. Subilaga akatoka, akajifunga khanga kiunoni, akasimama katikati ya njia.

"Ambonisye, mwanangu! Utapitaje na neema yote hiyo mbele ya migomba yangu, nayo inalia njaa? Nimegee!"

Sasa, Isumba ina desturi yake. Ukipita na mkungu wa ndizi, unamegea. Ukipita na samaki kutoka mnadani, unamegea. Anayepita na kitu mbele ya mlango wa mtu bila kumegea, huulizwa alilelewa na nani. Ambonisye akacheka, akarudi nyuma hadi kwenye migomba, akafungua koki. Ilipotoka nusu, Subilaga akamwambia funga.

"Tena nimekusaidia," alimwambia. "Limekuwa jepesi. Ule mteremko si wa mchezo."

"Kweli, mama," alisema Ambonisye. "Hata trekta litapumua."

Wote wawili waliamini hivyo kwa moyo safi. Subilaga akabaki pale juu, mkono kiunoni, akilitazama trekta linavyoshuka. Na alichokiona hapo hakikumtoka maishani.

Pale kwenye kona, trekta lilipunguza mwendo. Lilitii breki, taratibu kabisa, kama ng'ombe aliyezoea kamba. Halafu, likiwa limeshatii, mlio mzito ukatoka tumboni mwa tangi, kama mtu mkubwa anayegeuka kitandani. Tangi likajisukuma lenyewe. Mkia wa trekta ukarushwa pembeni, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, na chuma chote kile kikaenda juu, polepole, bila haraka yoyote, kama vile mkono usioonekana ulikuwa unakipindua kuangalia kuna nini chini yake. Kikaanguka chali. Samadi ikatapakaa kwenye chai ya watu mpaka bondeni. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani, na ndege wote wa Lusungo wakanyamaza.

Subilaga akapiga magoti. Hakupiga yowe. Yeye, Redio, hakupata sauti.

Ambonisye alikuwa ametupwa kwenye michai, mguu umevunjika paja, lakini roho ipo. Hospitalini alipoulizwa, alijibu neno moja tu: "Lilinishinda." Hakutaka kumtaja mama wa watu, wala kusema kwamba amevunja sheria ya kikundi. Na Subilaga naye? Kule kwenye kinu cha kusaga walimzunguka watu kumi kwa mpigo. "Wewe ulikuwa pale juu. Hebu tuambie, alikuwa amelewa?"

Mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu akasema, "Mimi sijui."

Lile "sijui" likashuka mlima. Kabla jua halijazama lilikuwa limeshakuwa "alikuwa chakari, hata kusimama hawezi."

Siku ya tano akaja mkaguzi wa bima, dada mmoja mkakamavu wa Songea, Bi Komba, amevaa mabuti. Kijiji kizima kilikuwa pale konani. Bi Komba alipima alama za matairi kwa kamba, akainama, akanusa, akapiga picha. Akamwambia Kandonga, fundi wa kijiji, afungue breki, naye Kandonga akazifungua mbele ya watu wote. Breki safi.

"Tangi lilikuwa limejaa?" aliuliza Bi Komba.

"Limejaa, ndiyo," alijibu Mama Mwasomola. "Lilikuwa linakuja kwangu, na nililipia zamu nzima."

Bi Komba akasimama, akapangusa magoti. "Breki ni nzima. Matairi ni mazima. Barabara ilikuwa kavu. Kilichobaki ni dereva. Nasikia pia habari za pombe. Nikiandika uzembe wa dereva, bima hailipi."

"Na bima isipolipa, atalipa yeye," alisema Mama Mwasomola. "Shamba analo."

Nyuma ya watu alisimama Bupe, mke wa Ambonisye, mtoto mgongoni. Alikuwa anaangalia kalamu ya Bi Komba tu, na Subilaga alikuwa anamwangalia Bupe akiiangalia ile kalamu.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Subiri, mwanangu," alisema Subilaga. "Tangi halikuwa limejaa."

Watu wakageuka.

"Mimi nilimsimamisha. Nilimwomba animegee. Akamwaga nusu kwenye migomba yangu, nendeni mkaangalie, bado inanuka. Alikuwa mzima kama mimi nilivyo hapa. Sheria ameivunja kwa sababu yangu."

Mama Mwasomola akashika kichwa. "Subilaga, nyamaza! Unamzika mtu hai! Kama lilikuwa nusu, si ndiyo lilikuwa jepesi? Kumbe hata tangi jepesi limemshinda! Uzembe gani unazidi huo?"

Minong'ono ikaenea. Hata Bupe akafumba macho. Subilaga alikuwa amejivua nguo mbele ya kijiji ili amwokoe mtu, na kumbe alikuwa amemsukuma shimoni.

Lakini Bi Komba alikuwa ameacha kuandika.

"Nusu, ama robo?"

"Nusu kamili. Mguu wangu ulikuwa ndani ya samadi nilipomwambia funga."

"Ulimlipa chochote? Maana akilipwa inakuwa biashara, na bima hiyo si ya biashara."

"Hata kikombe cha chai sikumpa."

"Leo uchoyo wako umetufaa!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi.

Bi Komba akaomba mkokoteni, pipa moja, na maji. Wakapanda juu kidogo ya kona. Pipa likalazwa kwenye mkokoteni, likafungwa kamba, likajazwa mpaka mdomoni, likafungwa kifuniko. Fundi Kandonga na kijana mmoja mwenye kifua kipana wakashika mbele. "Shukeni mbio kidogo," alisema Bi Komba, "nikipiga kofi, simameni."

Wakashuka wakihema, maana lilikuwa zito. Kofi likapigwa. Wakajikaza, wakasimama, na pipa likasimama nao.

"Mwageni nusu. Rudieni."

Safari hii walishuka wakitabasamu, jepesi ndo hili! Kofi likapigwa. Wakasimama. Wao walisimama, maji yalikuwa bado yanakuja. Mlio ule ule Subilaga aliousikia ukatoka tumboni mwa pipa, na mkokoteni ukaruka kama umepigwa teke kwa nyuma, ukajipinda ubavu, ukamtupa kijana mtaroni na Kandonga akakaa chini vumbini, mikono bado imeshika vishikio.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Mzee mmoja alivua kofia. Maji yale yale wanayobeba kila siku kichwani, wanayoogea, wanayowapa ndama! Na humo ndani kumbe yalikuwa na mguu wake, unangoja nafasi ya kuunyoosha.

"Hilo lilikuwa pipa," alisema Bi Komba taratibu. "Tangi lenu ni mapipa ishirini. Likijaa, samadi haina pa kukimbilia, inashuka na trekta kama kitu kimoja. Likiwa nusu, trekta linasimama, samadi inaendelea na safari. Dereva yeyote hapa angepinduka. Hata mimi."

Fundi Kandonga bado alikuwa amekaa vumbini. Akalitazama pipa, akalitazama trekta lililolala chali, akatikisa kichwa.

"Wazee walituambia debe shinda haliachi kutika," alisema. "Hawakutuambia hilo debe lisilojaa likiwa kubwa litatika na nani. Jamani! Tangi zima hushuka, tangi nusu hupindua."

Yakatoka hivyo, kinywani mwa mtu mwenye vumbi suruali nzima. Mama Mwasomola akayarudia chinichini, kama anayekariri. Kisha akamtazama Subilaga, na wote waliokuwa pale wakamtazama, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wengi wao walikuwa wamebeba nusu zao siku zile tano: dereva na "lilinishinda" yake, Redio na "sijui" yake, kijiji na pombe yake ya kutungwa. Nusu hizo zote zilikuwa zimeonekana nyepesi.

Barua ya bima ilikuja wiki ya tatu: trekta litatengenezwa. Tangi lilikuwa nje ya bima, kwa hiyo Kandonga alilichomelea mwenyewe, na ndani yake akaweka kuta za bati zenye matundu ili samadi isipate uwanja wa kukimbilia. Ambonisye alirudi kwenye usukani akichechemea.

Lakini siku ile ile ya mkokoteni, watu walipotawanyika, Subilaga alikuwa na njia moja tu ya kurudi kwake, nayo inapita mlangoni kwa Bupe. Aliinamisha kichwa apite upesi.

"Mama Subilaga."

Akasimama. Bupe alikuwa uani, mwiko mkononi.

"Umeyamaliza yote?" aliuliza Bupe.

Subilaga angeweza kusema ndiyo. Mbele ya kijiji alikuwa amesema mengi kuliko alivyodhani anaweza. Akaangalia vidole vya miguu yake. "Limebaki moja. Kule kinuni waliniuliza kama mumeo alikuwa amelewa. Nilijua hakulewa. Nikasema sijui. Habari ya pombe ilitokea mdomoni kwangu, mwanangu, kwa neno ambalo sikulisema."

Mtoto mgongoni mwa Bupe alijinyoosha, akalala tena. Jikoni chungu kilikuwa kinatokota.

"Tangi zima hushuka," alisema Bupe hatimaye, akamfungulia kizuizi cha ua. "Tangi nusu hupindua. Ingia, mama. Ndizi zimeiva, na maharage yapo. Ingia ule."