Neno Ambalo Mzee Raphaël Hakulimaliza

Wahenga walisema, liwezekanalo leo lisingoje kesho. Walimaanisha kwamba jambo lenye nafasi sasa lifanywe sasa, kwani hakuna aliyeandikiwa kesho. Placide, mzaliwa wa mji wa Baraka ulio kando ya ziwa, aliijua methali hii tangu shule ya msingi. Kuijua hakukumsaidia.

Placide alikuwa ameishi Kanada miaka kumi na miwili bila kurudi, dada yake mdogo, Chérie, alipompigia kumwambia kwamba baba yao, Mzee Raphaël, alikuwa hoi kitandani. Alikata tiketi siku ile ile. Kesho yake asubuhi ndege ilimshusha Addis Ababa, na hapo ikambidi angoje ndege ya Bujumbura kwa muda wa saa kumi na moja. Kutoka Bujumbura angevuka mpaka hadi Uvira, kisha ashike barabara ya kandokando ya ziwa mpaka nyumbani.

Hata hajapata pa kuketi, simu iliita.

"Kaka, umefika wapi?"

"Addis. Ndege yangu ni ya jioni."

"Mungu asifiwe! Baba leo ameamuka na nguvu. Amekunywa uji, na sasa iko anakaa ku kiti. Anasema iko na neno ya kukuambia, we mwenyewe. Ngoja nimupe simu."

"Acha kwanza, Chérie. Kesho niko hapo. Nitamsikiliza uso kwa uso."

"Lakini anataka sasa. Tangu asubuhi anauliza kama ni saa ngapi."

"Mwambie nitapiga baadaye kidogo. Niko na siku nzima."

Kusema kweli, Placide aliogopa. Alidhani analijua neno lenyewe: kwamba miaka kumi na miwili ni mingi, kwamba mzazi hatunzwi kwa simu. Lawama hizo aliona heri azipokee akiwa amepumzika.

Basi akazurura. Alijaribu viatu ambavyo hakuwa na nia ya kuvinunua, akanusa manukato mpaka pua ikaziba. Alikaa mkahawani akatazama marudio ya mechi ambayo matokeo yake aliyajua. Adhuhuri simu iliita tena. Akalitazama jina la Chérie likiwaka mpaka likazimika. Alasiri alijinyoosha juu ya viti vitatu, akajifunika koti usoni, akalala usingizi wa pono. Alipozinduka, abiria wa Bujumbura walikuwa wamekwisha kupanga mstari. "Nitapiga nikifika," alijiambia.

Kesho yake mchana alipoingia uani, bamama wa jirani walikuwa wameketi kimya kwenye mikeka. Alidhani amekuta msiba. Lakini baba yake alikuwa hai. Alilala chali, mdomo umepinda upande mmoja. Alipomwona mwanawe aliushika mkono wake kwa nguvu za ajabu, akafumbua kinywa. Ikatoka pumzi tupu.

"Ni kiharusi," Chérie alinong'ona. "Jana, jua likishuka. Alichoka kukungoja, akaanza kuniambia mimi. Ilikuwa juu ya kaburi ya mama."

Mama yao, Anastasie, alifariki mwaka wa 1998, watu walipokimbilia milima ya Fizi kwa sababu ya vita. Watoto walitangulizwa na shangazi yao, naye Raphaël akabaki nyuma, akamzika mkewe peke yake. Tangu siku ile, kila alipoulizwa mahali, aliinamisha kichwa na kunyamaza.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Ngambo ya Mutambala, ukipanda...' Akaishia pale."

Placide alichukua karatasi, akachora mto Mutambala na milima, akaishikilia mbele ya macho ya baba yake. "Hapa, baba? Ama hapa?" Kidole cha mzee kilitetemeka juu ya karatasi, kikapita mto, kikarudi, kikaanguka. Chozi moja likamtiririka hadi sikioni. Siku ya nne akakata roho.

Baada ya matanga, ndugu hao wawili walipanda pikipiki, kisha wakaenda kwa miguu. Walivuka Mutambala, wakauliza kila mkulima waliyemkuta shambani. Wengi walikuwa wageni pale; wenyeji wa zamani waliwaonyesha makaburi mengi yasiyo na majina. Miteremko yote ilifanana: mihogo, majani marefu, mawe. Siku ya tatu Chérie alikaa chini akavua viatu.

"Kaka, pengine tumeshamukanyaga bila kujua. Turudi."

Placide alikumbuka viatu alivyovijaribu, mechi ile ya marudio, na viti vile vitatu. Neno la baba halikuwa lawama, wala lisingechukua hata dakika tano. Aliokota jiwe moja, akaliweka juu ya udongo pale aliposimama, ingawa hakujua kama lina mtu chini yake, kisha akamfuata dada yake kuteremka mlima, akilia waziwazi kama mtoto. Hakika, liwezekanalo leo lisingoje kesho.