Samahani Tatu za Fisi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekaa sawasawa?

— Tumekaa!

Basi jishikeni, maana haya ninayowasimulia yalinishtua mimi kabla yenu.

Hapo kale Nguchiro, mnyama mdogo wa kuenea kikapuni, alihamia nchi ya Bwana Fisi. Asubuhi yake ya kwanza alikuwa akichimba shimo lake kando ya njia, akasikia: kwata, kwata, kwata. Akachungulia. Alikuwa Punda, magunia ya mifupa mgongoni, na nyuma yake Fisi na mjeledi.

"Samahani, samahani, samahani," akasema Fisi kwa sauti tamu. Kisha chwaa! Mjeledi ukatua juu ya kidonda kibichi.

Nguchiro akapigwa na butwaa. "Bwana Fisi! Unaomba radhi halafu unapiga?"

"Wewe mgeni," Fisi akacheka. "Sheria ya hapa inasema mwenye kumtesa mnyama atasema samahani mara tatu. Mimi nazitoa mapema, nisiwachoshe wazee wa baraza."

"Na akianguka?"

"Hiyo ni sheria ya pili. Mzigo ukimwangusha mnyama, nyama yake ni ya mwenye mzigo. Humu guniani yumo dada yake."

Haki ya Mungu, hivyo ndivyo alivyosema, tena akitabasamu! Nguchiro akatazama gunia. Fuvu lilikuwa limetokeza, na meno marefu ya mbele kama ya Punda mwenyewe. Mwili ukamsisimka mpaka ncha ya mkia. Akaitazama miguu ya Punda, ikitetemeka yote minne. Siku mbili tatu zaidi, naye angeingia guniani.

Nguchiro akatoka mbio hadi barazani, kwa Mzee Nyati, mwenyekiti.

"Shikamoo, Mzee! Punda anauawa!"

"Marahaba. Fisi amesema samahani?" Nyati aliuliza huku akicheua.

"Amesema."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Sasa, mwanangu, wataka na ya nne?"

Wazee wote wakatikisa vichwa, wakasikitika jinsi wageni wasivyojua sheria. Wamesikia kwamba mtu anauawa, nao wanahesabu samahani! Nyie, dunia ina mambo.

Mchana ule Fisi alipolala baada ya kula, Nguchiro akamwendea Punda palepale alipofungwa.

"Dada Punda, waweza kusema samahani?"

"Naweza. Ndilo neno ninalolisikia kutwa."

"Mara tatu?"

"Hata kumi."

"Na mguu wako wa nyuma, hali yake?"

Punda akafikiri. Akafikiri tena. Masikio yakamsimama.

Kesho yake Fisi akapita nyuma ya Punda, akainama kukaza kamba ya magunia.

"Samahani," akasema Punda.

Fisi akashangaa.

"Samahani."

Fisi akafurahi kwamba Punda ameanza kuwa na adabu.

"Samahani."

Puu! Teke! Jino la Fisi likaruka juu, likaanguka vumbini.

Fisi huyo, mbio barazani, damu inamchuruzika, mjeledi bado mkononi. Punda na Nguchiro wakamfuata.

"Wazee, nimepigwa! Nimeumizwa!"

"Amesema samahani?" akauliza Nyati.

"Amesema, lakini..."

"Ngapi?"

"Tatu, lakini..."

"Basi nenda nyumbani."

"Nyumbani? Na jino langu je? Huu ni ukatili! Sheria gani legelege namna hii? Nchi hii haina haki!"

Jamani! Fisi, huyuhuyu, analilia haki! Nguchiro alishtuka mpaka akasahau kucheka. Alipojikusanya, akasogea mbele kwa unyenyekevu.

"Pole, Bwana Fisi. Ni kweli sheria imelegea. Wewe ungetaka ikazwe vipi?"

"Mwenye kumjeruhi mnyama abebe mzigo wa aliyejeruhiwa, mpaka kidonda kipone!"

"Angalia," Nyati akamwonya. "Ikishapigiwa ngoma ni ya wote, mkubwa kwa mdogo."

"Ya wote! Pigeni ngoma!"

Ndu! Ndu! Ndu! Sheria ikapita. Fisi akajiona mshindi. Akamgeukia Punda kwa bashasha. "Haya, mizigo inakungoja. Samahani, samahani, samahani!"

Chwaa!

Mbele ya wazee wote! Mazoea yana taabu, wanangu. Kidonda kikapasuka, damu ikamwagika hadi kwatoni, na kwa mara ya kwanza wazee wakaiona kwa macho yao. Nyati akaacha kucheua.

"Teke la Punda lilitangulia ngoma," akasema polepole. "Mjeledi wako umekuja baada yake. Mleteeni Fisi mzigo wa Punda."

Magunia yakaletwa, Fisi akatwishwa. Buru, buru, buru, akajikokota, miguu ya nyuma ikidhoofu. Mgongo ukainama nyuma, na mpaka leo haujanyooka. Punda alimfuata taratibu, mgongo mtupu, na Nguchiro ubavuni. Walipofika mlimani goti la Fisi likagusa chini.

"Nikianguka je?" akauliza akihema.

"Sheria ya pili," akasema Nguchiro. "Nyama ni ya mwenye mzigo."

"Mwenye mzigo ni Punda! Punda anakula majani!" Fisi akacheka, akageuka nyuma.

Punda alikuwa akimtazama mapaja. Akajilamba midomo.

Fisi akapiga yowe lililosikika mpaka barazani, akaomba sheria ya pili ifutwe saa ileile. Ngoma ikalia, ikafutwa, na haijarudi tena.

Funzo la ngano hii, wanangu: mkubwa hapigwi teke. Tangu dunia iumbwe, teke halijawahi kurekebisha sheria hata moja.

Nami nimeitua hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyechukizwa nayo aniachie, nitamtwisha mwingine.