Matanga Kando ya Bwawa la Kiboko

Hapo zamani za kale, zamani zenyewe hasa, si hizi za juzi mnazodanganywa na wengine, wanyama waliishi mitaani na baraza lao la mtaa. Hakuna aliyejenga choo wala kuzungusha uzio kabla baraza halijaja kukagua kiwanja. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, katibu wake Nyati. Sogeeni, wanangu. Hadithi hii ikisimuliwa hapa, hata mbu hutua wakasikiliza.

Mtaani humo aliishi Nguchiro na ukoo wake, wanyama wadogo wa kichuguuni. Walikuwa wakisali nje, juani na mvuani. Bibi yake Nguchiro alikuwa amezeeka, kifua kinambana, na masika yalikuwa yanakaribia. Nguchiro akafyeka kiwanja kando ya bwawa la Kiboko, akachomeka vigingi, akaomba ruhusa ajenge nyumba ya ibada.

Baraza likaja kukagua. Tipu! Tipu! Ardhi ikatetemeka.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," Nyati akajibu. "Hiyo nyumba ina ukubwa gani?"

"Ndogo tu, mzee. Ukiingia wewe, sisi tunatoka."

"Unanitania?"

"Nakupimia, mzee."

Nyati akakohoa kuficha kicheko. Kiboko hakucheka. Tangu mafuriko yalipomchukua mwanawe mdogo, hakuna aliyemwona akicheka, wala akilia. Hakuweka matanga. Waliokwenda kumpa pole aliwafukuza mlangoni.

"Humo ndani mtaimba?" aliuliza.

"Kidogo, mzee."

"Na kulia je?"

"Mwenye kuomba hakosi kulia siku moja moja."

"Basi hapajengwi! Sitaki kelele bwawani kwangu!"

Akaketi papo hapo, juu ya vigingi. Kwach! Vyote vikavunjika.

"Bibi yangu ni mgonjwa, mzee," Nguchiro alisema polepole. "Mvua hizi zitamkuta nje."

"Asalie kitandani."

Mvua zikaja. Chwaaa! Bibi hakusalia kitandani. Alitoka na wenzake kama siku zote, akarudi anatetemeka, na masika hayajakolea akafa.

Nguchiro alilia, wanangu. Msidhani ule ulikuwa ujanja. Ujanja ulikuja baadaye, alipokuwa anafuta machozi.

Kwani mtaani humo turubai la msiba halikuombewa ruhusa na yeyote. Likishasimama, halikuondolewa mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga hayakuanuliwa mpaka kila jirani awe amekuja kuhani, ameketi, na amemtaja marehemu wake mwenyewe, ili asisahaulike.

Nguchiro akasimamisha turubai. Wapi? Pale pale kiwanjani!

Majirani wakaja. Ngiri akaja, Kanga akaja, hata Nyati akaja, akamtaja baba yake, akapenga kamasi, prrrr! Kiboko peke yake hakuja. Angeketije na vijinyama vya kichuguuni?

Siku zikapita. Nyati akarudi, amekunja uso.

"Wewe bwana mdogo, turubai linaondoka lini?"

"Hata leo, mzee wangu. Tunamngoja jirani mmoja tu."

"Nani huyo?"

"Mwenyekiti."

Nyati akatazama bwawani. Akaenda zake.

Upepo ukavuma, Nguchiro akakandika udongo upande mmoja. "Wafiwa wanapigwa baridi," alisema. Mvua ikazidi, akaezeka makuti juu. "Wafiwa wanalowa." Wazee wa kichuguuni wakasali pakavu, wakaimba, na kila Kiboko alipozama bwawani, nyimbo zilimfuata huko huko chini.

Mwishowe akaibuka. Bwaaaa!

"Kwa hiyo nikija mimi, kibanda hiki kinabomolewa?"

 Ujanja wote wa Nguchiro ulikuwa umeegemea kiburi cha Kiboko, na sasa kiburi chenyewe kinakuja kwa miguu!

"Ndiyo, mzee," alijibu. "Ndio utaratibu."

Kiboko akaingia. Ukuta ukalia kraa. Akaketi, na kweli, nusu ya wafiwa ikabidi watoke. Nyati akasimama mlangoni, tayari kung'oa nguzo.

"Poleni," Kiboko akasema haraka haraka. "Nimekuja. Nimeketi. Anueni."

Nguchiro alitafuta neno la kumzungusha, akalikosa. Akamtazama yule mkubwa, maji yanamchuruzika mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo:

"Na wako, mzee? Tumtaje nani?"

Kiboko akafungua kinywa.  Mvua ilipiga makuti, ta, ta, ta.

"Alikuwa akipuliza mapovu," alisema mwishowe. "Tukamwita Povu. Niliushika mkono wake. Maji yakanizidi nguvu. Mimi, na ukubwa wote huu."

"Povu," Nguchiro akasema.

"Povu," wakaitikia wote, wa ndani na waliosimama mvuani.

Hapo Kiboko akalia. Si kilio cha kusimuliwa kile, wanangu. Bwawa lilitetemeka mpaka ng'ambo. Wazee wa kichuguuni wakamwimbia, naye hakuwakataza.

Walipomaliza, Nguchiro aliinuka. Alikuwa ameahidi mbele ya majirani. Akaishika nguzo ya kwanza, ile aliyoichimbia mwenyewe siku ya kumzika bibi yake.

"Mzee, majirani wote wamefika. Tuanue?"

"Tuanue!" Nyati akadakia, pembe chini. "Baraza lilishakata shauri!"

Kiboko hakugeuka.

"Nani kasema tuanue? Mimi ndiyo kwanza nimefika msibani. Nyati, ingia uketi, unawalowesha waliokutangulia. Na wewe, Nguchiro, kesho upanue mlango huu. Umenibana mbavu."

Mpaka leo matanga hayo hayajaanuliwa. Ndani watu wanasali, na bwawani kuna anayeitikia. Mwenye hadithi ya kuishinda hii na aje aitoe hapa tumsikie.

Nanyi wanangu shikeni hili moja: anayewakataza wenzake kulia, huenda ana kilio chake hajapata pa kukililia.