Bibi Mbuke na Mbwa Walioamkiwa Shikamoo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nasema! Mbona mnaitika kama watu waliolala njaa?

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Kaeni vizuri, na mwenye moyo mwepesi amshike jirani yake mkono. Mimi mwenyewe nilipohadithiwa haya mara ya kwanza niliangusha kikombe, na kikombe hakikuwa changu. Sasa, nikibweka "Hau! Hau!", ninyi muitike "Shikamoo babu!" Mnacheka? Ngojeni tu.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alikuta zimeshapita, palikuwa na kijiji nyuma ya vilima, mbali na kila njia. Watu wa huko walikuwa wawindaji na warina asali. Walifuga mbuzi wachache, na walifuga mbwa. Mbwa ndiye aliyemtoa digidigi kichakani. Mbwa ndiye aliyemfukuza fisi mlangoni. Bila mbwa hakuna nyama, bila mbwa hakuna usingizi.

Sikilizeni desturi yao. Mtu akifa, mtoto wa mbwa wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba alipewa jina la marehemu. Walisema jina lisilale nje kwenye baridi. Kwa hiyo ukipita asubuhi ungemwona mtu mzima, ndevu mpaka kifuani, anainama mbele ya mbwa.

Hau! Hau!

Shikamoo babu!

Na mbwa je? Marahaba hakuitika. Alipiga miayo, akajikuna. Kwaru, kwaru, kwaru.

Desturi nzuri, au sivyo? Hata mimi naipenda. Lakini watu, jamani, watu! Wakaanza kushindana. Huyu akisema babu yuko kwangu, yule naye anamtaka babu kwake. Mbwa jike akizaa, watoto wote wanapewa jina lile lile moja. Kijiji kikajaa mababu.

Na hapa ndipo nilipoangusha kikombe. Kwa kuwa mbwa ni babu, babu hapewi makombo! Utampaje mzee mfupa uliokwisha kuuguguna wewe? Ni matusi. Babu apewe mnofu. Mnofu upo? Haupo. Basi babu hapewi kitu. Mifupa ilifukiwa, ukoko wa ugali ulitupwa mtoni, na babu akaamkiwa kwa heshima zote huku mbavu zake zinahesabika.

Babu akiota upele, nani amwoshe? Wewe utamwosha baba mkwe wako? Thubutu! Basi upele ukawala, manyoya yakanyonyoka, na watoto waliolala nao wakaanza kujikuna pia. Kwaru mbwa, kwaru mtoto. Na kuwahasi madume ili wasizaane ovyo? Msinitajie. Mabeberu walihasiwa bila wasiwasi, lakini babu! Nani angethubutu kumgusa babu huko? Maji yakazidi unga, na watu wakaendelea kuamkia.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwako Bibi Mbuke, mjane wa Luhende. Huyu ndiye wanayemkumbuka mpaka leo. Alikuwa mfupi, sauti ya kukwaruza, na hakuwa na subira na maneno marefu. Yeye ndiye aliyehasi mabeberu wa kijiji kizima. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, na mumewe ndiye aliyemfundisha. Luhende alipokufa, mbwa mmoja mwekundu akapewa jina lake. Mdogo wake Luhende, Shigela, ndiye aliyekuwa jumbe. Na Bibi Mbuke aliishi na mjukuu wake Kabula, msichana ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota.

Mwaka huo mvua ikagoma. Wanyama wakahama. Wawindaji walitoka na kurudi, walitoka na kurudi, mikono mitupu. Siku moja, jua linawaka, Kabula akatumwa na jirani akatupe ukoko mtoni, kama desturi ilivyotaka. Akajitwika chungu. Akatembea, ta, ta, ta. Nyuma yake mbwa mmoja. Akatembea, ta, ta, ta. Nyuma yake mbwa sita. Alipogeuka, kijiji kizima cha mababu kilikuwa kimemzunguka, ndimi nje.

Mtoto wa watu akafanya alivyofundishwa. Akapiga goti. Akasema, "Shikamooni."

Mama yangu wee! Mbwa mwekundu akaruka. Alitaka ukoko, akapata mguu. Chungu chini, paa! Wanawake wakaja na michi, wakawatawanya, wakamwokota mtoto ana damu mpaka kisigino.

Kijiji kikashika vichwa. "Luhende amemla mjukuu wake! Babu amemla mjukuu!"

Bibi Mbuke hakupiga kelele. Alichukua maji na chumvi akaosha kile kidonda, akaosha, akaosha, mtoto analia mpaka sauti inakauka, naye anaosha.

Kesho yake Jumbe Shigela akaita watu. Walikuja na pinde. Watu wale wale! Jana shikamoo, leo mishale yenye sumu. Nawaambieni, sijui kipi kilinishtua zaidi.

"Mbwa wamepata kichaa," Shigela akasema. "Wote wafe leo."

Bibi Mbuke akasimama. "Shemeji, aliyeumwa ni mjukuu wa nani?"

"Wako, shemeji."

"Basi kidonda ni changu. Kuna mwingine mwenye kidonda hapa aseme?"

Watu wakatazamana miguu.

"Hawana kichaa. Wana njaa. Na mkiwaua wote, fisi akija mtamwamkia yeye?"

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza upesi. Shigela akawaza. Kisha akasema, "Nakupa mpaka mwezi huu ufe na mwingine uandame. Mbwa yeyote akimng'ata mtu kabla ya hapo, mshale wa kwanza ni wa huyo Luhende wako. Na baada yake habaki hata mmoja."

"Nimesikia," Bibi Mbuke akasema. "Njooni uani kwangu. Msije mkaniambia kwamba hamkuona."

Wakaenda wote. Nani angekosa?

Bibi Mbuke akamfunga mbwa mwekundu kamba. Akaingia jikoni, akatoka na ukoko wa ugali, umeungua pembeni, na mfupa ambao amekwisha kuuguguna yeye mwenyewe. Akavitupa chini, po!

Watu wakaguta. "Makombo! Amempa mumewe makombo!"

"Mume wangu nilimjua mimi," akasema. "Luhende alipokuwa hai tulikuwa tukigombania ukoko kila siku. Na mfupa alikuwa akiunyonya mpaka unapiga mluzi. Ninyi mliomnyima mbwa wake, mlimheshimu nani?"

Mbwa akala. Hakubakiza hata harufu.

Bibi Mbuke akaleta maji aliyochemsha na majani machungu, akakunja nguo mpaka magotini, akaanza kumwosha. Watu wakaguta tena. "Anamwosha! Anamwosha mzee hadharani!"

Hapo sauti ya Bibi Mbuke ikapungua. "Luhende alipolala kitandani msimu mzima, hawezi hata kugeuka, nani alimwosha? Mlikuja mlangoni mkasema shikamoo, mkaenda zenu. Niliyemwosha ni mimi. Kumwosha mzee si kumdharau. Anayempenda ndiye anayemwosha."

Wengi wakatazama chini. Yeye akampaka mbwa mafuta ya mbarika, kidonda kwa kidonda.

Kisha akapitisha kisu motoni.

Lo! Jamani! Mama mmoja akajifunika khanga usoni. Mzee mmoja akakaa chini bila kujua amekaa juu ya nini. Na Jumbe Shigela, jumbe mzima, akapiga yowe.

"Shemeji! Unamhasi kaka yangu mbele za watu?"

"Kaka yako tulimzika wote. Wewe ulishika miguu. Huyu amebeba jina tu, na jina halikatwi kwa kisu. Kaka yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha: madume yakizidi zizini, hakuna atakayeshiba. Sasa lete mikono, ushike hapa."

Mnaamini kwamba alishika? Alishika! Amefumba macho, jasho linamtoka, anamwomba radhi marehemu kimoyomoyo. Shwa! Mbwa akalia mara moja. Bibi Mbuke akamwaga majivu safi juu ya kidonda. Kwisha.

Ngojeni, msipumue bado.

Siku iliyofuata Luhende hakuinuka. Hakula. Uvumi ukaenda nyumba hadi nyumba: wazee waliokufa wamekasirika, Bibi Mbuke amewatukana, mtoto naye atakufa. Na kweli Kabula alikuwa na homa. Bibi huyu, mjukuu wake huku, mbwa wa mumewe kule, akawa anakwenda kitandani anaosha, anakwenda uani anaosha. Watu walipita mbele ya mlango wake bila kumsalimu. Wao, mabingwa wa shikamoo!

Asubuhi moja Kabula akaomba uji. Alipokuwa akinywa, uani kukasikika sauti.

Hau! Hau!

Shikamoo babu!

Ndiye! Amesimama, anatikisa mkia, anatazama chungu.

Hapo jirani mmoja akaja, haya imemjaa, anamvuta mbwa wake kwa kamba. "Bibi, huyu ni marehemu baba. Naomba... naomba naye." Akaja mwingine. Akaja mwingine. Bibi Mbuke akaosha, akapaka, akahasi, na akawatukana kidogo ili wasizoee. Akasema kila nyumba ichague mbwa inayeweza kumshibisha, na jina moja likae kwa mbwa mmoja. Jike likiwa kwenye joto lifungwe ndani. Na ugali ukipakuliwa, fungu la mbwa litengwe kabla ya mtu kunawa. Makoko yakaacha kwenda mtoni. Upele ukakauka kwa mbwa, ukakauka kwa watoto.

Mwezi ukafa. Mwingine ukaandama. Shigela akaja na wapiga pinde, maana jumbe akisema amesema.

"Nataka kuona," akasema. "Mtu apite katikati yao na chakula."

Bibi Mbuke akainua chungu cha ukoko. Mkono mdogo ukamshika.

"Bibi, nipe mimi."

"Hapana, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyeumwa. Nikiogopa leo nitaogopa mpaka niolewe."

Bibi Mbuke akautazama ule mguu wenye kovu. Akampa chungu.

Kabula akaenda. Anachechemea, ta... ta... ta... Mbwa wakainuka. Wakamzunguka, kama siku ile. Pinde zikavutwa, nyeee! Mbwa mwekundu akatoka mbele. Mtoto akashika chungu kichwani kwa mikono miwili. Mbwa akafika mguuni. Akanusa kovu. Akalinusa tena.

Akakaa chini. Puu! Kama mzee aliyefika kikaoni. Na wengine nyuma yake wakakaa, mmoja mmoja, wakangoja.

Kabula akatua chungu akagawa. Huyu wake, yule wake. Mbwa mwekundu alipopata fungu lake, kabla hajala akalamba ule mkono uliompa.

"Umeona, shemeji?" Bibi Mbuke akasema, sauti inakwaruza kuliko siku zote. "Mkono mtupu haulambwi."

Shigela akatupa upinde. Akaenda kwa yule mbwa, akapiga goti mavumbini, na watu wote wakajua sasa atamwamkia. Hakuamkia. Akachukua kipande cha ukoko kwa mkono wake mwenyewe, akakisogeza.

"Kula, kaka," akasema. Akalia mbele ya kijiji kizima, bila kujificha.

Bibi Mbuke aliishi mpaka akamwoza Kabula. Siku za mwisho watu walijaa nyumbani kwake, na mnajua nini? Hawakusimama mlangoni. Waliingia, wakamwosha, wakamlisha. Akawaita karibu akawaambia, "Najua mtampa mbwa jina langu. Mpeni mmoja tu. Mpeni makombo, msimpe maneno. Nikisikia mmeniamkia nina njaa, nitawang'ata mimi mwenyewe!"

Akacheka, akafa akicheka. Hata kufa kwake kuliwashtua.

Na mpaka leo, nyuma ya vile vilima, mtu akitenga fungu la mbwa husema, "Kula, Mbuke asije akaning'ata."

Basi, enyi mliokaa hapa na matumbo yaliyoshiba, shikeni hili. Heshima ya mdomoni haishibishi. Una mzee nyumbani, una mtoto, una mbwa: ukimwamkia, mtazame na mbavu. Hebu tuone kama mmesikia.

Hau! Hau!

Shikamoo babu!

Na nini tena?

Na ukoko!

Naam. Hadithi yangu imeishia hapo, imelala na mbwa mlangoni, na wote wawili wameshiba.